Zuio lilivyonilipisha deni la simenti

Bado kuna watu wanadanganyana kwamba ukishika hati ya kiwanja ya mtu umemshika mwenyewe. Mdaiwa akienda polisi akapata ripoti ya upotevu, akala kiapo, tangazo likatoka kwenye Gazeti la Serikali, anaweza kupewa hati nyingine. Ya kwako inabaki kabatini.

Mkandarasi mmoja alikuwa akichukua simenti na nondo dukani kwangu kwa mkopo. Deni lilipovuka milioni kumi nikamwambia mzigo hautoki tena bila dhamana. Akaleta hati ya kiwanja chenye nyumba yake. Shemeji akasema hiyo inatosha, nikakataa. Tukaenda kwa wakili tukaandikishana kwamba kiwanja kile ni dhamana ya deni mpaka liishe lote. Akasaini yeye, akasaini na mkewe kwa kuwa ndipo wanapoishi, mashahidi wakaweka majina. Ushuru wa stempu nililipa mapema, maana mkataba usiolipiwa mahakama haiupokei kama ushahidi.

Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, kifungu cha 78, inamruhusu mwenye maslahi katika ardhi iliyosajiliwa kuweka zuio, yaani kuandikisha kwenye daftari la ardhi kwamba kiwanja kisihamishwe bila yeye kukubali au mahakama kuamua. Kijana aliyenichapia maombi na kiapo aliandika tu kwamba namdai fedha. Afisa wa Msajili wa Hati akasoma, akaweka kidole pale pale: "Mama, kudai fedha ni kesi ya madai. Kwenye kiwanja chenyewe una haki gani?" Nikautoa mkataba kwenye bahasha. Akausoma mpaka kwenye saini ya mke, akatikisa kichwa kukubali. Kiapo kikaandikwa upya, safari hii kikitaja dhamana na namba ya kiwanja. Ada haikuwa ya kuumiza. Wakili ndiye alikula zaidi.

Mwenye kiwanja hupewa taarifa, kwa hiyo alikuja dukani anafoka. Nikamwambia aende Mahakama Kuu, niitwe nijieleze kwa nini zuio lisiondolewe. Hakwenda.

Miezi ikapita kimya, kisha nikapigiwa simu na wakili nisiyemjua. Mteja wake alitaka kununua kile kiwanja, wakafanya upekuzi kwa Msajili, wakakuta zuio langu daftarini. Mnunuzi akakataa kutoa hata senti mpaka deni langu lilipwe. Tukakubaliana likatwe kwenye bei na lije moja kwa moja benki kwangu. Mkandarasi alinibembeleza nisaini kwanza kuliondoa zuio. Nilisaini pesa ilipokwisha kusoma kwenye akaunti.