Jiko la bomba na mkaa wa kufinyanga

Jamani baridi ya Makete mwezi wa saba isikie tu kwa wenzio, asubuhi unakuta majani yamekuwa meupe kwa barafu. Sa mwaka huu nikamwambia fundi anichomelee jiko la chuma lenye bomba linalotokea juu ya bati, maana kulala na jiko la mkaa ndani mlango umefungwa hapana kwa kweli, gesi yake haina harufu na inaua. Nawasha kwa kuni za muwati, zikishika naongeza mkaa nilioufinyanga mwenyewe, chenga za mkaa na uji wa muhogo kidogo tu, naanika juani siku kadhaa. Wa kwanza niliuharakisha, ukafuka moshi nyumba nzima, wife akaniangalia tu. Huu wa sasa unaenda mdogo mdogo mpaka alfajiri.