Rupia Tatu za Nyanya

Mwaka 1994, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, mama alinikabidhi kipande cha kaniki kilichofungwa fundo, akaniagiza nikipeleke kwa sonara mjini Tanga ili tupate cha kujazia ada yangu ya kidato cha tano. Ndani yake mlikuwa na rupia tatu za fedha alizoziacha nyanya, mzaliwa wa Pangani, ambaye mpaka anafariki hakuwahi kuzitaja mbele yetu wajukuu. Zilikuwa nyeusi kama sufuria ya mekoni, nami niliona haya kuziweka mbele ya mtu katika hali ile. Usiku huo, uani kwetu Ngamiani, nilichukua majivu na ndimu nikazisugua mpaka mbili zikametameta. Ilipofika zamu ya ya tatu ndimu ziliniishia, nikairudisha kwenye kaniki kama ilivyokuwa.

Sonara alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu, na duka lake dogo halikuwa mbali na Soko la Uzunguni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akafungua fundo lile taratibu na kuzipanga rupia zote tatu juu ya kitambaa cheusi. Nilitazamia azishike kwanza zile mbili zinazong'aa. Hakuzigusa, alitoa mizani yake ya mkono, akaweka jiwe la tola moja upande mmoja na rupia upande wa pili.

Wakati ule sikujua maana ya kipimo hicho. Rupia ambazo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kuzitoa mwaka 1890 zilifuata uzito wa rupia ya Uhindi, iliyokuwa imeshazoeleka pwani yote, yaani gramu 11.66, na uzito huo ndio tola moja. Kati ya kila sehemu 1,000 za madini yake, sehemu 917 ni fedha halisi. Kwa hiyo jiwe lile dogo lilimwambia mengi kwa mara moja: rupia inayolingana nalo haijapoteza kitu, inayopungua kidogo imelika mikononi mwa watu, na inayopungua sana ama imekwanguliwa ama si ya kweli. Zetu zote zilipungua, lakini kwa kiasi kidogo mno hivi kwamba ilibidi ainamishe kichwa mpaka usawa wa mizani ndipo auone upungufu huo.

"Fedha ni fedha," alisema. "Sasa tuzitazame kama rupia."

Mbili zilikuwa za kampuni, zote za mwaka 1890: upande mmoja Kaizari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye sanamu ya tai, na upande wa pili simba mbele ya mti ulio jamii ya mnazi. Iliyobaki ilikuwa ya serikali ya koloni, ya mwaka 1910, yenye herufi ndogo J inayoonyesha kwamba ilipigwa chapa Hamburg. Zilizopigwa Berlin zina herufi A. Tulipofika kwenye hiyo aliniuliza kama najua neno hela limetoka wapi. Akanieleza kwamba rupia ya kampuni iligawanywa katika pesa 64, na kuanzia 1904 Wajerumani wakaigawa katika heller 100, ndipo watu wa pwani wakaanza kusema hela. Nilikuwa nimelitamka neno hilo maisha yangu yote bila kujua kwamba babu zangu walilishika mkononi.

Rupia hiyo ya 1910, ambayo nilikuwa nimeisugua kwa bidii kuliko nyingine, aliizungusha ukingoni kwa kidole gumba, akasimama mahali pamoja juu ya kichwa cha Kaizari. Palikuwa na uvimbe mdogo, na meno ya ukingo yalikuwa yamezibwa. Alisema hapo paliwahi kulehemewa kipete, na rupia ikavaliwa katika kidani. Mkusanyaji wa sarafu hataitaka, hivyo yeye angeinunua kwa tola tu.

Kisha akaziweka pamoja zile mbili za 1890, niliyoiosha na nisiyoiosha, akanipa kioo cha kukuzia. Aliniambia nitazame sehemu zilizoinuka kuliko nyingine, kwa kuwa ndizo zinazolika mwanzo: kifua cha tai, shavu, masharubu, na upande wa pili manyoya ya shingo ya simba. Niliyoiosha ilikuwa na michoro mikali zaidi. Ningeweza kuhesabu manyoya ya tai. Katika ile nyeusi, kifua cha tai kilikuwa kimeanza kuwa laini. Nikasema, kwa uhakika wa kijana, kwamba ile inayong'aa ndiyo bora.

Mzee akaishika kwa kingo zake, akaiinamisha pole pole chini ya taa. Ndipo nikaona: uwanja wote ulio nyuma ya kichwa cha Kaizari ulijaa mikwaruzo myembamba kama nywele, yote ikifuata upande ambao mkono wangu ulikuwa umeipitisha kitambaa. Mng'ao niliouleta ulikuwa mweupe, bapa, hausogei. Akainamisha ile nyeusi vilevile, na ndani ya pembe za herufi, mahali ambapo vidole havifiki, mwanga ulitembea taratibu kulizunguka jina la Kaizari kama gurudumu linavyozunguka. Huo, alisema, ni mng'ao wa chapa yenyewe, uliobaki tangu siku ilipopigwa, na ukishafutwa hakuna fundi anayeweza kuurudisha.

"Hii uliisugua na nini, mwanangu?"

"Majivu na ndimu, babu."

Hakunikemea. Alinyamaza, akaiweka chini, na kimya chake kiliniuma kuliko ambavyo maneno yangeniuma. Baadaye akasema kwamba kama ningemletea usiku ule, kabla sijawasha taa ya uani, angenitafutia mnunuzi wa kuilipia mara kadhaa zaidi ya thamani ya fedha iliyomo. Sasa ilikuwa sawa na ile ya kidani: tola, kasoro kidogo.

Alinilipa mbili kwa uzito, kwa bei ya fedha ya siku hiyo, na bado ada ilipungua. Mama aliijazia kwa kukopa kwa jirani. Ile nyeusi alikataa kuinunua. Aliifunga katika karatasi laini, akanionyesha jinsi ya kuishika kwa kingo bila kugusa uso wake, akaniambia nimrudishie mama na nimweleze kwa nini.

Ninayo hadi leo. Weusi wake umezidi kidogo upande wa simba, na kwenye herufi mwanga bado unatembea.