Picha za Mbudya na Bongoyo: kwanza maji, halafu jua

Januari nilipata kazi kutoka kwa dada mmoja mwenye nyumba ya wageni Mbezi Beach, hapa Dar es Salaam. Alikuwa anamalizia vyumba sita, akataka picha kubwa sita za ukutani, kila chumba na yake. Sharti lilikuwa moja: ziwe za hapa hapa. "Kaka, mgeni akiamka aone bahari ambayo anaweza kuifikia kabla chai haijapoa. Sitaki picha ya Maldives." Nikamwahidi wiki mbili. Zilinichukua karibu miezi miwili, na nusu ya muda huo ilipotea kwa sababu ya kitu ambacho mtoto yeyote wa Kunduchi anakijua.

Kazi yangu ya kila siku ni harusi, sendofu na kichenpati. Ukumbini taa naziweka ninavyotaka. Nikachagua Mbudya na Bongoyo, visiwa vilivyo karibu na pwani yetu, nikadhani kisiwani nitafika, nitatafuta pembe nzuri, nitapiga, nitarudi.

Safari ya kwanza nilikwenda Mbudya siku ya Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi ile sikuwa na harusi. Boti ya kutoka Kunduchi haichukui muda mrefu, kisiwa unakiona ukiwa bado ufukweni. Nilitua saa nne na dakika chache. Maji yalikuwa yamekupwa. Pale nilipotarajia ile rangi ya feruzi palikuwa na mchanga wenye michirizi, majani ya bahari yamelala, na mawe meusi yametoa vichwa. Nikasubiri yajae. Yalianza kurudi, lakini yalipofika mahali pa kupendeza ilikuwa saa nane na nusu, na jua lilikuwa limeshaelekea bara. Ufukwe wa Mbudya wanaotua watu unatazama bara, yaani magharibi, kwa hiyo kila nilipoelekeza kamera majini nilipata mng'aro mweupe na watu weusi kama vivuli. Nilirudi na picha zaidi ya mia mbili. Sikumpelekea hata moja.

Siku mbili baadaye nilirudi Kunduchi bila kamera. Nilimkuta mzee mmoja, nahodha, anakalafati mashua yake, anasukuma pamba kwenye nyufa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yaliyonipata.

"Siku hiyo mwezi ulikuwa ngapi?" akauliza.

Nikamtajia tarehe.

"Sikuulizi tarehe, mwanangu. Nakuuliza mwezi."

Yeye anahesabu siku tangu mwezi mwandamo, na kwa hesabu hiyo anajua bahari itakuwaje bila kuitazama. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo. Hayo nilikuwa nimeyasikia. Kilichonifungua macho ni saa. Pwani yetu hii ya Dar, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume: saa nne asubuhi yamejaa, saa kumi jioni yametoka. Na kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi kuliko jana yake. Mimi nilikuwa nimekwenda kwenye bamvua, kwenye saa nne, saa ile ile ambayo bahari iko mbali kuliko wakati wowote.

Baada ya hapo nilichukua kalenda ya ukutani, nikaziwekea wino siku za mwezi, na upande wa pili nikaandika jua liko wapi. Jedwali la maji unaweza kulipata kwenye simu, na nililitumia kuhakikisha dakika. Lakini kupanga safari za wiki sita nilipanga kwa mwezi.

Picha ya kwanza iliyofaa niliipata siku ya maji mafu, Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi. Jua lilikuwa nyuma yangu, linatokea upande wa bahari kuu kupita juu ya mivinje, na mbele yangu maji yamejaa yametulia juu ya mchanga mweupe. Rangi ilikuwa pale yenyewe: karibu na mchanga kama maziwa yenye tone la kijani, halafu feruzi, halafu mstari wa buluu nzito pale kina kinapoanza. Nilipiga nikiwa nimesimama maji ya magoti. Nilitumia filta ya polaraiza, ile unayoizungusha mbele ya lenzi mpaka mng'aro wa juu ya maji unakatika na unaona chini. Hufanya kazi zaidi jua likiwa ubavuni mwako kuliko likiwa mgongoni, kwa hiyo niligeuka kidogo kuelekea kusini. Kama una simu tu, chukua miwani ya jua ya polaraiza, weka kioo chake kimoja mbele ya kamera na uzungushe taratibu. Nilijaribu kwa simu yangu na tofauti ilionekana hapo hapo.

Picha ya kisiwa chenyewe ikichukuliwa kutoka majini inataka mambo mengine kabisa. Asubuhi jua liko nyuma ya kisiwa, ufukwe unakuwa kivulini na miti inakuwa kitu kimoja cheusi. Unataka jioni, saa kumi mpaka saa kumi na moja, jua likitoka bara na kuupiga ufukwe usoni. Na unataka maji yamejaa saa hiyo hiyo, maana yake ni bamvua. Nilimkodi yule mzee, tukakaa mbele ya Mbudya karibu saa nzima, tanga limekunjwa, anashikilia chombo kwa kasia. Mchanga uligeuka rangi ya ngozi ya mkate. Mibuyu ya kisiwani, ambayo mchana huonekana ya kijivu tu, ilitoa wekundu kwenye magome. Ile ndiyo picha iliyokaa chumba kikubwa.

Ubaya wa jioni ni haraka. Boti za abiria zinataka kurudi mapema, na asiyepanga usafiri wake anaondoka pale mwanga unapoanza kuwa mzuri. Elewana na nahodha kabla hujapanda, saa ya kwenda na saa ya kurudi.

Bongoyo nilikwenda kwa boti ya kutoka Msasani, mara mbili. Hapo nilifuata miamba. Visiwa hivi vyote ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, na mawimbi yameula chini mpaka umebaki na dari, unaweza kusimama chini yake. Pangavini, kale kadogo, kamelika pande zote hadi kanafanana na uyoga, na hakana ufukwe wa kueleweka; hako nilikapiga kutoka kwenye chombo tu. Kwa miamba, bamvua la asubuhi ndilo zuri, saa ile ile iliyoniharibia siku ya kwanza. Maji yakitoka yanaacha vidimbwi, na kila kidimbwi kinabeba kipande cha mbingu. Niliinama kwenye kimoja kisichozidi upana wa sinia. Ndani yake alikuwemo kaa mdogo wa rangi ya mchanga, anatoa jicho moja nje ya ukingo wa jiwe, analirudisha, anatoa tena. Nilimsubiri mpaka mgongo ukauma.

Nikasahau saa. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza yanajivuta, ya tatu na ya nne yanakimbia, na katika hizo mbili tu yanapanda nusu ya kimo chote. Siku za bamvua kimo hicho kinapita mita tatu. Nilipoinua kichwa, jiwe nilipoweka viatu halikuwepo. Nilirudi nikiwa nimeinua kamera kichwani, maji ya kifua, mkono mwingine unashika mwamba unaokata kama kiwembe. Nilipasuka kiganja. Tangu siku hiyo ninaweka kengele ya simu saa moja na nusu baada ya maji kukupwa kabisa, na ikilia naondoka hata kama picha haijaisha. Nawaomba wenzangu mfanye hivyo, hasa mkienda peke yenu.

Vifaa nilivibeba kwenye ndoo ya rangi ya lita kumi yenye mfuniko wa kubana, ndani nimezungushia kanga mbili. Inaelea, haiingizi maji ya mawimbi, na kisiwani inakuwa kiti. Lenzi sikubadilisha ndani ya chombo hata mara moja. Chumvi kwenye kioo usiipanguse kavu, itakwaruza. Lowesha kitambaa kwa maji ya kunywa, gusa taratibu, halafu kausha. Kamera ndogo ya kurusha angani, yaani droni, niliachana nayo, kwa kuwa kibali chake kinaanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga na mimi nilikuwa na wiki chache.

Visiwa hivi, pamoja na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Unalipa kiingilio, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, na ukiwa na kazi ya biashara ni vizuri kujieleza mapema kwa wahusika. Huruhusiwi kuchukua kombe wala kipande cha tumbawe. Nimeona wapiga picha wakihamisha makombe ili wapendezeshe mbele ya picha, wengine wakikanyaga matumbawe hai ili wapate pembe. Inaniuma. Tumbawe hai likivunjika linahitaji miaka kurudi, na matumbawe yetu yalishaungua vibaya kwa joto la bahari mwaka 1998.

Fungu Yasini jina lenyewe linasema, ni fungu la mchanga. Nilikwenda mara moja, bamvua, maji yalipokupwa mchanga ukatanda mweupe katikati ya bahari, hakuna mti, hakuna kivuli. Nilimwomba kijana wa mzee asimame mbali na mwamvuli wa manjano. Basi. Picha hiyo haikutaka zaidi.

Iliyonishinda kwa muda ilikuwa ya alfajiri. Kuipiga ukiwa kisiwani kunataka ulale huko. Mwishowe niligundua sina haja: jua linatokea baharini, kwa hiyo unasimama Kunduchi, na kisiwa kinakuwa mbele yake. Nilianza kutembea ufukweni saa kumi na moja na nusu, nikisogea hatua kumi kumi mpaka pale mbingu ilipoiva palingane na miti ya Mbudya. Mashua mbili zilikuwa zinatoka. Tanga la moja liliingia kwenye njia ya mwanga, na nilikuwa na dakika moja, labda na nusu.

Dada wa nyumba ya wageni alizipokea zote sita mwishoni mwa Februari, kabla ya masika. Ile ya alfajiri niliichapisha nakala ya pili, nikampelekea mzee, kwa sababu tanga lile lilikuwa lake na nilikuwa nimemwomba ruhusa baada ya kupiga, si kabla. Alipangusa mikono kwenye shuka, akaishika picha kwenye kona mbili tu. Hakutazama jua. Alisogeza kidole karibu na tanga, bila kuligusa.

"Hapa palikuwa pamechanika," akasema. "Nilipashona wiki iliyofuata."

Nikamwambia nataka jua linapozama, nikiwa Mbudya, na maji yamejaa mpaka mizizi ya mivinje. Alihesabu kwa vidole: mwezi kumi na tano yanajaa saa kumi, kila siku yanachelewa, siku tatu mbele yatafika kwenye saa kumi na mbili na nusu.

"Njoo mwezi kumi na nane," akasema, akarudi kwenye pamba yake.