Uhasama wa Mpakani na Rufaa Inayosubiri Kisumu

Kijijini kwetu Vihiga, magharibi mwa Kenya, mashamba yamegawanywa kwa warithi hata yakabaki vipande vyembamba, na mmea wa mpaka ukisogezwa hatua moja tu, watu huweza kunyimana salamu kwa miaka. Jirani wa familia yetu yuko gerezani kwa ugomvi wa aina hiyo. Alimpiga mwenzake rungu kichwani walipokutana mpakani, majeruhi akafariki hospitalini, na Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa mauaji. Rufaa yake inasubiri kusikilizwa katika Mahakama ya Rufaa, Kisumu. Majina nayaacha, kwa kuwa jamaa za pande zote mbili bado huteka maji katika chemchemi moja.

Wengi kijijini wanaamini kwamba uhasama huo wa miaka ndio utakaomwokoa, kwa hoja kwamba marehemu alimchokoza mno. Naona wanajidanganya. Kifungu cha 207 cha Kanuni ya Adhabu hushusha kosa la mauaji likawa la kuua bila kukusudia pale tu mtu anapotenda kwa hasira iliyowashwa na uchokozi wa ghafla, kabla haijapata muda wa kupoa. Chuki iliyolelewa msimu baada ya msimu haina ughafla wowote, na upande wa mashtaka utaitumia kueleza kwa nini alitaka kuua. (Mpaka wenyewe, ambao Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inataka upelekwe kwanza kwa msajili wa ardhi, hakuna aliyeupeleka.)

Hata hivyo, kuwa na sababu ya kumchukia mtu si sawa na kukusudia kumuua. Kifungu cha 206 kinataka ithibitishwe kwamba mshtakiwa alikusudia kuua au kujeruhi vibaya, au alijua kwamba kitendo chake huenda kikaleta matokeo hayo. Tangu kesi ya Tubere ya mwaka 1945, mahakama za Afrika Mashariki huipima nia hiyo kwa kutazama silaha, jinsi ilivyotumiwa, sehemu ya mwili iliyopigwa, majeraha yenyewe, na mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada ya tukio. Kwamba alipiga kichwani kunamwelemea mrufani, sikatai. Lakini pigo lilikuwa moja, na ni yeye aliyeita bodaboda ya kumpeleka majeruhi hospitalini.

Tofauti kati ya mauaji na kuua bila kukusudia si ndogo. Adhabu ya kifo kwa mauaji ilikuwa ya lazima hadi Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Muruatetu tarehe 14 Desemba 2017, lakini bado inaweza kutolewa. Kwa kuua bila kukusudia, upeo ni kifungo cha maisha, na jaji ana uhuru wa kutoa miaka michache. Kwa kuwa hii ni rufaa ya kwanza, majaji watalazimika kuupima ushahidi wote upya, kama ilivyoelezwa katika kesi ya Okeno ya mwaka 1972, huku wakikumbuka kwamba hawakuwaona mashahidi wakizungumza. Ningekuwa wakili wake, hoja ya uchokozi ningeiacha kabisa, nikaanza na ile bodaboda.