Moja, kumi, arobaini

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa naanika nguo uani niliposikia kikohozi upande wa pili wa ukuta. Kikohozi kile nakijua. Si cha mafua wala cha vumbi. Mtu anakohoa kama anayetaka kutapika, ananyamaza akitafuta hewa, kisha anaanza tena. Niliacha nguo kwenye beseni nikazunguka mbio kwa jirani.

Dada anayesaidia kazi pale, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa amekaa kizingitini, mkono kifuani, macho yanamtiririka. Siku hiyo walikuwa wanasubiri wageni wa posa na alitaka choo king'ae. Alimwaga jiki, akasugua. Madoa ya kutu hayakutoka. Akachukua dawa ya choo, ile asidi ya kutolea madoa, akaimimina palepale juu ya jiki.

Kijana wa mwenye nyumba, yuko kidato cha pili, alikwisha kushika ndoo ya maji anataka kuingia akaimwagie. Nilimdaka mkono. Nikamwambia, "Mwanangu, huko haingii mtu. Zunguka nje ufungue kile kidirisha, mlango uache wazi hivyohivyo, kisha urudi hapa." Binti tukamtoa pale mlangoni tukamkalisha chini ya mwembe, wima, si kwa kulala. Gauni lilikuwa limerukiwa na maji ya choo, tukamvua tukamfunga khanga, tukamwosha miguu na mikono kwa maji mengi ya bombani, na macho tukayasafisha kwa maji yale yale kwa robo saa nzima bila kukatisha. Jirani akaja na bilauri ya maziwa. Nilimwomba ayaweke kando. Maziwa yanakwenda tumboni, na aliyeumia hapa ni mapafu.

Nitaeleza kilichotokea kwa maneno ya kawaida. Jiki ni klorini iliyotulizwa ndani ya maji. Ukiitia asidi, utulivu ule unavunjika na klorini inatoka ikiwa gesi, yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Ni gesi ileile iliyofunguliwa dhidi ya askari kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Uzito wake ni kama mara mbili na nusu ya uzito wa hewa, kwa hiyo haipandi kama moshi, inatambaa sakafuni. Sasa fikiria choo cha kuchuchumaa, chumba chembamba, dirisha moja dogo karibu na dari. Hewa nzuri yote ilikuwa juu, na binti wa watu alikuwa chini, ameinama, uso wake karibu na tundu.

Kabla sijaondoka nilimwambia jirani jambo moja nikalirudia mara tatu: "Huyu leo hata akikwambia amepona, mpeleke hospitali wakamwangalie." Klorini ikigusa unyevu wa koo na mapafu inageuka asidi humo humo, na mapafu yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye, wakati mtu amekwisha kuacha kukohoa. Lakini wageni walikuwa njiani. Adhuhuri binti alikuwa jikoni anapakua pilau. Saa tano usiku simu yangu ikalia. Hawezi kulala chali, akilala anahisi anazama. Tukamkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni, akakaa siku mbili.

Naandika haya kwa sababu klorini ndiyo kazi yangu. Sasa nasimamia usafi hospitalini hapa Tanga, lakini niliijulia kwenye kambi ya kipindupindu Dar es Salaam, mlipuko ule ulioanza Agosti 2015. Nilipelekwa nikiwa kibarua wa kupiga deki. Siku ya pili mzee aliyekuwa akichanganya dawa aliniita kwenye banda lake nyuma ya mahema, akanionyesha mapipa matatu ya plastiki na kijiko kimoja cha chakula. Akaniuliza, "Binti, unajua kuhesabu moja, kumi, arobaini?" Nikamwambia najua, shikamoo. Akacheka, akanifundisha kazi iliyonilisha mpaka leo.

Unga tuliokuwa tukitumia wote tunauita HTH, chembe nyeupe zinazokuja kwenye ndoo kubwa za plastiki. Kitaalamu ni kalisi haipokloraiti, na klorini yake inafika asilimia 65 hadi 70. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa ukingo wa kisu, si cha kilima, kinabeba kama gramu 15. Kijiko kimoja katika ndoo ya lita 20 kinatoa asilimia 0.05, hiyo ni ya kunawia mikono. Vijiko kumi katika ndoo ileile vinatoa 0.5, ya sakafu, vitanda na gambuti. Vijiko arobaini vinatoa 2, ya matapishi, kinyesi na maiti. Moja, kumi, arobaini. Kila pipa lilikuwa na namba yake kwa rangi nyekundu. Tulilinda namba zile kwa sababu maji yote matatu ukiyatazama ni maji tu, na anayenawa uso kwa maji ya arobaini anaweza kupoteza macho.

Mzee alikuwa na mambo yake ambayo hakuyajadili na mtu. Maji kwanza, unga baadaye, kamwe usimwage maji juu ya unga. Upepo uupe mgongo. Barakoa, miwani, glavu za jikoni ndefu, aproni, hata kama ni kijiko kimoja. Koroga kwa kipande cha bomba la plastiki, acha chokaa itulie chini, chota maji ya juu tu, la sivyo pampu ya mgongoni inaziba na ukiifungua kuizibua inakurukia usoni. Jioni kilichobaki kinamwagwa, kesho kinachanganywa kipya, kwani jua na joto vinaimaliza nguvu. Na kamwe hakuweka dawa ile kwenye chombo cha chuma. Ndoo ya bati tuliyoisahau nayo wiki moja ilitoboka.

Unga huu wenyewe hauungui, ila unaulisha moto wa kila kitu kinachoungua. Hilo niliambiwa, nikalielewa siku moja tu. Kijana mmoja alikosa kijiko, akaokota kopo lililokuwa na oili ya jenereta, akalipangusa kwa kitambaa, akachota HTH. Alilitua juu ya tofali akaenda kufuata maji. Mimi nilikuwa hatua kumi hivi. Kwanza halikutokea kitu. Kisha ukatoka moshi mwembamba mweupe, kopo likaanza kutoa sauti kama mafuta yanayokaangwa, na mara ukaruka moto wa urefu wa mkono, mkali, wa rangi ya chungwa. Hakuna aliyewasha kiberiti. Mzee alitupigia kelele tusimame upande wa upepo, akamwaga pipa zima la maji kutoka mbali. Kizimamoto cha unga kilichoning'inia kwenye nguzo alikataa kisiguswe. Baadaye nilikuja kujua kwamba vile vya unga mkavu vingi vina chumvi za amonia, na amonia na klorini hazikai pamoja.

Tangu siku ile, nikiingia stoo yoyote naangalia kwanza HTH imekaa jirani na nani. Nimekuta imepandishwa rafu moja na dumu la dizeli, na tindikali, na magunia ya mbolea. Nimeikuta chini ya paa linalovuja, na ikipata unyevu ndani ya chombo kilichofungwa inapata joto, inatoa gesi, kifuniko kinaweza kuruka. Kwenye nyumba zenye mabwawa ya kuogelea kuna hatari nyingine: zipo dawa za klorini za aina mbili tatu, nyeupe zote, na wahudumu huona ni kitu kimoja, wakachota hii kwa kijiko cha ile. HTH na vile vidonge vikubwa vya bwawa vikikutana vikiwa na unyevunyevu vinaweza kulipuka. Kila dawa iwe na kijiko chake, na kijiko kiwe kikavu.

Linaloniumiza zaidi ni pua. Watu wetu wanapima usafi kwa pua. Wodi ikinuka klorini ndugu wa mgonjwa anasema hapa pasafi, isiponuka anasema wavivu hawa. Kumbe harufu ile kali mara nyingi ni klorini iliyokwisha kukutana na mkojo au jasho, imegeuka kitu kingine kinachochoma macho na hakiui wadudu kama ilivyokuwa. Uchafu unaila klorini. Ndiyo maana sakafu inaoshwa kwanza kwa sabuni, inasuuzwa, halafu ndipo dawa inapita na kuachwa kama dakika kumi ikiwa bado mbichi. Na pua yenyewe inazoea. Mchanganyaji akiniambia "siisikii tena," simpongezi, namtoa nje.

Mwaka 2020, wakati wa korona, katika miji mingi vilijengwa vibanda vya kupita watu wakinyunyiziwa dawa mwili mzima. Mimi ni mtu wa klorini, na nilivipinga kazini kwetu mpaka nikaonekana mkorofi. Mei mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatamka kwamba mtu asinyunyiziwe dawa hizi kwa hali yoyote. Dawa ya sakafu ni ya sakafu.

Kwa nyumbani sina mengi. Jiki nyingi ya dukani ni asilimia 3.5, kwa hiyo kikombe kimoja cha jiki na vikombe sita vya maji ndiyo 0.5 ya kusafishia alipotapika mgonjwa. Maji ya kunywa yana vidonge vyake, kimoja kwa ndoo ya lita 20 na nusu saa ya kusubiri, na jiki yenye manukato isikaribie kabisa maji ya kunywa. Jiki na siki, jiki na ndimu, jiki na dawa ya choo, jiki na dawa ya vioo yenye amonia: hapana. Mtoto akinywa, mpe maji asukutue, usimlazimishe kutapika kwani itamchoma mara ya pili ikipanda, na uende hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Jumatano binti alikuja kwangu kunirudishia khanga. Bado sauti ilikuwa imekauka. Nikamwuliza kwa upole, "Mwanangu, hukuona kwenye chupa wameandika usichanganye?" Akatoa chupa mbili kwenye mfuko wa nailoni, alikuwa amekuja nazo. Ya dawa ya choo ilikuwa na maandishi mengi, madogo, yote ya Kiingereza. Ya jiki haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa chupa ya soda ya nusu lita. Duka la mtaani wanawapimia.

Niliifungua plasta nyeupe niliyokuwa nayo kwenye mkoba wa kazi, nikamkatia vipande viwili, nikampa kalamu ya wino mzito. Aliandika mwenyewe, herufi kubwa, taratibu. Kwenye ya kwanza: JIKI. SI YA KUNYWA. Kwenye ya pili alifikiri kidogo, akaandika: WEWE NA JIKI HAPANA. Chupa ya soda tuliitupa baada ya kuhamishia jiki kwenye dumu dogo lenye kifuniko cha kukaza, na plasta akaibandika pale, akaipapasa kwa kidole gumba mpaka pembe zote zikashika.