Aliyeidhinisha: admin

Mwaka 2017 chama kimoja cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wa Kariakoo kiliniita mimi, fundi wa programu, kwa sababu ya mkopo mmoja. Fedha zilikuwa zimeshatoka, mkopaji ameshazitia kwenye mzigo wa vitenge, na fomu yake haina sahihi ya kamati. Mwenyekiti alipofungua mfumo kuangalia ni nani aliyeidhinisha, alikuta neno moja: admin. Ofisi nzima iliingia kwa jina hilo, makarani, mhasibu, hata mwenyekiti mwenyewe, wote kwa neno la siri moja. Siku ile dirishani alikuwa amekaa binti mgeni kazini, na mpaka mimi nafika alikuwa ameshapewa barua ya kujieleza.

Ofisi ilikuwa ghorofani, jirani na Mtaa wa Msimbazi, na kelele za makuli zilipanda mpaka juu. Nilitoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba ya mkato. Binti alikuwepo, macho mekundu, barua yake mezani. Sikuwa na cheo cha kumtetea, ila niliposoma kumbukumbu za mkopo ule niliona wazi kwamba mfumo haumshtaki mtu wala haumsafishi mtu. Ulikuwa haujui, basi. Na watu wazima walikuwa wanataka kumfukuza mtoto wa watu kwa ushahidi wa kitu kisichojua.

Programu yao iliandikwa kwa lugha ya Java, ikiendeshwa na Tomcat 8.5, seva ya programu za wavuti za Java, kwenye kompyuta iliyokaa chini ya meza ya mhasibu, na taarifa za wanachama zilikuwa kwenye kanzidata ya MySQL, yaani ghala la taarifa zilizopangwa kwa majedwali. Kanzidata ilikuwa nzuri tu: akiba, hisa, marejesho, kila kitu kwenye jedwali lake. Lakini majina ya watumiaji hayakuwemo humo. Yalikuwa kwenye tomcat-users.xml, faili linalokuja na Tomcat yenyewe, ambamo jina, neno la siri na jukumu vinaandikwa waziwazi kama orodha ya vitu vya sokoni. Kwa kujaribia programu, faili hilo linatosha. Kwa ofisi ni balaa la polepole, kwa sababu kumwongeza mtu mmoja kunataka fundi aje, afungue faili kwenye seva, aandike kwa mkono. Karani mpya akija, nani atamwita fundi? Anapewa jina la mwenzake. Hivyo ndivyo ofisi nzima inavyogeuka kuwa admin, bila mtu hata mmoja kukusudia ubaya.

Tulikubaliana kazi ya kuwahamishia watumiaji kwenye kanzidata ifanyike mwisho wa juma, madirisha yakiwa yamefungwa. Nilikwenda na kijana aliyekuwa mwaka wa mwisho pale CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kijitonyama, mwepesi wa kusoma makosa kuliko watu wengi waliokuwa wanalipwa kwa kazi hiyo.

Upande wa kanzidata, Tomcat haidai makubwa. Inataka majedwali mawili: la kwanza lenye jina la mtu na neno lake la siri, la pili lenye jina na jukumu. Tuliyaita watumishi na majukumu. Sharti moja ambalo watu wengi hulipita ni kwamba safu ya jina lazima iitwe vilevile kwenye majedwali yote mawili, maana kwenye mpangilio inatajwa mara moja tu. Kisha unaiambia Tomcat ikamtafute mtu humo. Wakati ule zilikuwepo njia mbili za kuiambia. Ya zamani, JDBCRealm, ilitumia muunganisho mmoja wa kanzidata kwa watu wote, kwa hiyo asubuhi makarani wakiingia kwa pamoja walipanga foleni nyuma ya muunganisho huo mmoja. Sisi tulichukua DataSourceRealm, ambayo inachota kwenye akiba ya miunganisho iliyokwisha kufunguliwa.

Hapo ndipo Jumamosi ikatula. Ukurasa wa kuingia ulimkataa kila mtu, jina sahihi na lisilo sahihi sawasawa. Kijana akaenda moja kwa moja kwenye catalina.out, faili ambamo Tomcat huandika makosa yake, akanionyesha mstari unaosema jina la chanzo cha data, yaani ile akiba ya miunganisho, halijafungwa mahali pale. "Kaka, inatafuta kwenye seva nzima. Sisi chanzo tumekiweka ndani ya programu." Dawa yake ni sifa moja, localDataSource, ambayo isipowekwa true, Tomcat inaangalia nje tu na kurudi mikono mitupu. Ujumbe anaouona mtumiaji ni uleule wa neno la siri lisilo sahihi, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kushinda akibadilisha maneno ya siri ambayo hayana kosa lolote.

Fomu yenyewe ilikuwa kazi ndogo. Inatuma kwenda j_security_check, na visanduku vyake viitwe j_username na j_password. Hayo yamepangwa na kanuni za Java na huna ruhusa ya kuyabadilisha. Anayoyasoma mtu juu ya kisanduku ni yako: tuliandika "Jina lako" na "Neno la siri". Kwenye web.xml, faili la mpangilio wa programu, tukaweka kurasa za kuidhinisha mikopo chini ya jukumu la kamati peke yake, na tukalazimisha mawasiliano yote yapite kwa HTTPS, njia inayoficha data zikiwa safarini, kwa sababu intaneti ya ofisi ile ilikuwa ya WiFi na hata wauza simu wa ghorofa ya chini walikuwa nayo.

Alasiri mhasibu akaja kututazama. Alikuwa mama wa makamo, aliyeshika vitabu vya chama tangu enzi za daftari, na alikuja na chupa ya chai na vitumbua. Alivuta kiti, akamtazama kijana akiingiza jina lake kwenye jedwali, kisha akauliza:

"Sasa mwanangu, hiyo paswedi yangu nitakayoandika, wewe utaiona?"

Nilimjibu hapana. Hakuridhika. "Huioni kwa sababu huangalii, au huioni kwa sababu haionekani?"

Nimefanya kazi na wasimamizi wa miradi wenye vyeti vingi, na hakuna aliyeniuliza swali zuri kama hilo. Nikamfungulia jedwali. Kwenye safu ya neno la siri la kijana, ambaye alikuwa ameshajiandikisha kwa majaribio, kulikuwa na msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka, zaidi ya mia moja. Nikamweleza kwamba neno analoliandika linasagwa. Unga hutoka kwenye mahindi, lakini hakuna mashine ya kuurudisha kuwa mahindi. Kesho akiandika neno lake, Tomcat inalisaga upya na kulinganisha unga kwa unga.

"Na mimi na karani tukichagua neno moja?"

Hata hapo misururu inatofautiana, kwa sababu kabla ya kusaga kila mtu anachanganyiwa vipande vya kubahatisha vyake mwenyewe. Kazi hiyo Tomcat 8 inaiita SecretKeyCredentialHandler. Bila kuelekezwa inatumia PBKDF2, utaratibu wa kusaga maneno ya siri kwa kurudiarudia, yenye SHA-1, kanuni ya kusaga data kuwa alama fupi, na inarudia kusaga mara 20,000. Mwezi Februari mwaka uleule watafiti wa Google na wa CWI, Amsterdam, walikuwa wametangaza kupata mafaili mawili tofauti yanayotoa alama moja ya SHA-1. Hilo peke yake halivunji PBKDF2, lakini sikutaka kumwekea mama yule kitu ambacho dunia imeshaanza kukiaga; Java 8 inayo PBKDF2 ya SHA-512, kanuni mpya zaidi, tukaweka hiyo na kuongeza marudio mpaka 100,000. Safu tukaipa nafasi ya herufi 255 ili msururu usikatwe.

Nilidhani tumemaliza. Mama Mhasibu akamega kitumbua, akasema, "Haya, huwezi kuisoma yangu. Lakini je, huwezi kuifuta ukaweka unga wako, ukaingia kwa jina langu, ukaidhinisha mkopo?"

Kijana akaniangalia. Jibu la kweli ni kwamba naweza. Mwenye ufunguo mkuu wa MySQL anaweza kubadilisha chochote, na hakuna usagaji unaomzuia. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sababu jina la mtu kwenye fomu ya mkopo lina thamani tu kama hakuna mwingine anayeweza kuliandika, na fundi yumo ndani ya huyo mwingine. Tungeacha pale, tungekuwa tumemwondoa admin na kumweka mimi.

Basi jioni ile tukaigawa mamlaka ya kanzidata. Akaunti inayotumiwa na Tomcat kumtambua mtu ikapewa ruhusa ya kusoma majedwali mawili yale na si zaidi. Kwa kuingia, kusoma kunatosha. Akaunti ya programu ikaruhusiwa kubadilisha safu moja tu ya jedwali la watumishi, ile ya neno la siri, na kila badiliko likaandikwa kwenye jedwali jingine lenye saa na tarehe, ambalo akaunti hiyohiyo inaweza kuongeza mistari lakini haiwezi kufuta. Na neno la siri la mkuu wa MySQL likaandikwa na mwenyekiti nusu, na Mama Mhasibu nusu, kila mmoja akinigeuzia mgongo. Nusu zote mbili zikatiwa kwenye bahasha, ikasainiwa juu ya gundi, ikaingia kwenye kasha la chuma. Nikihitajika, bahasha inafunguliwa mbele ya watu wawili na neno linabadilishwa nikiondoka.

Kilichobaki kilikuwa mstari mmoja wa Java, na kwangu huo ndio ulikuwa kazi yote. Pale programu ilipokuwa inaandika "admin" kwenye safu ya aliyeidhinisha, tukaweka getRemoteUser, yaani jina lile ambalo Tomcat yenyewe imelithibitisha. Halichukuliwi kwenye fomu, kwa sababu kilichomo kwenye fomu mtu anaweza kukibadilisha kabla ya kutuma.

Jumatatu madirisha yakafunguliwa. Mzee mmoja wa kamati alikosea neno lake mpaka LockOutRealm, kinga ya Tomcat dhidi ya wanaobahatisha maneno ya siri, ikamfungia. Ukikosea mara tano inakufungia sekunde 300, na ukiendelea kukosea humo ndani muda unaanza upya. Tulimwomba aache kibodi, apate chai kwanza, na aliporudi akaingia. Mkopo wa kwanza wa siku ukapita kwa karani, ukahakikiwa, ukaidhinishwa, na kila hatua ikiwa na jina lake.

Mkopo ule uliotuleta, mfumo haukuweza kuusemea wakati huo wala baadaye. Mama Mhasibu aliingia kwa mwenyekiti na karatasi yenye neno admin, akasema kwamba kama neno hilo ni ushahidi dhidi ya binti, basi ni ushahidi dhidi yake yeye pia, na dhidi ya mwenyekiti, na barua ziandikwe tatu. Barua ya binti ilirudishwa kabla ya saa sita mchana.

Akatoka, akasimama katikati ya makarani. "Kuanzia leo mtu asinipe paswedi yake hata nikimwomba, na asimpe mwenyekiti. Na wewe wa dirisha la pili, hicho kikaratasi ulichobandika chini ya kibodi, kitoe sasa hivi, kisha ubadilishe neno lako kabla fundi hajaondoka."