Kinanda kinavyonilisha hapa Mtwara

Nikimwambia mtu napiga kinanda, huuliza, "Sawa, na kazi unafanya wapi?" Kazi ndiyo hiyo. Siku za wiki nafundisha watoto Shangani na Mikindani, Jumapili nasindikiza kwaya, na harusi zikiwepo napiga ukumbini, mara nyingine hadi Lindi.

Kilichonisumbua zaidi mwanzoni ni pesa kuja kwa mafungu. Kipato changu kinafuata kalenda ya Kanisa, ya Waislamu na ya korosho. Kwaresima vyombo hupigwa kanisani kwa kusindikiza waimbaji tu, ukiacha Dominika ya nne na sikukuu kubwa, na harusi zinaadimika. Ramadhani ndiyo usiseme, taarabu inalala mpaka Idi. Mwaka 2025 vyote viwili viliingia mwanzoni mwa Machi, vikipishana siku chache tu, ukumbi ukawa kimya kwa Wakristo na Waislamu. Wanafunzi ndio walionivusha. Tangu hapo, miezi ya mfungo naongeza vipindi vya jioni.

Ada nayo ina msimu wake. Minada ya korosho huanza kama Oktoba, na kabla ya hapo mzazi atakwambia, "Mwalimu, tuvumiliane, mnada ukipita nakumalizia." Na wengi humalizia kweli. Kwa hiyo mkulima namtoza kwa msimu, mwajiriwa kwa mwezi, na madai ya kila wiki yakaisha.

Watoto wengi hawana kinanda nyumbani. Nachukua boksi gumu, nachora oktavu mbili (do hadi do ya juu yake, mara mbili) kwa vipimo halisi, kitufe cheupe kikiwa na upana wa milimita 23 na nusu hivi, ili mkono usije ukashangaa ukikutana na kinanda chenyewe. Mtoto anakwenda nalo nyumbani, anafanya mazoezi ya kupitisha kidole gumba chini ya kidole cha kati, huku akiimba do re mi kwa mdomo wake. Kwa ninavyoona, hawa wa boksi wanawapita wenye vinanda kwa masikio. Boksi halitoi sauti, kwa hiyo lazima nota aipate kichwani kwanza.

Umeme ukikatika, kinanda changu kinatumia volti 12, kwa hiyo natembea na betri, waya wenye fyuzi na spika ya kuchaji. Angalia mchoro wa chanya na hasi kando ya tundu la umeme kabla ya kuchomeka. Kuna vinanda ambavyo chanya iko katikati na vingine hasi, na ukikosea unaweza kuunguza kinanda.

Lakini kinachonifanya niitwe tena ni kusindikiza. Kwa kwaya ni rahisi kidogo. Karatasi imeandikwa do ni F, yaani nota ambayo wimbo unatulia ni F, tumefanya mazoezi kwa F, ila misa ya alfajiri koo bado zimelala na sauti ya kwanza haifiki juu. Namnong'oneza mwalimu wa kwaya, nashusha hadi D, tunaendelea.

Ukumbini hakuna karatasi. Shangazi wa bibi harusi anapokea maiki, anaanza kuimba bila hata kunitazama. Hapo sikimbilii. Mstari wa kwanza naacha upite, mikono iko mapajani. Mwimbaji wa aina hii hutua mwishoni mwa mstari, na anapotua mara nyingi ndipo do yake ilipo. Nashusha sauti ya spika, mkono wa kushoto unagusa besi moja tu. Ikigombana naye, nahamia kitufe cha jirani, na hakuna aliyesikia. Ikikubali, mstari wa pili napandisha sauti na mkono wa kulia unajaza. Kuanzia hapo macho yangu yako mabegani kwake, maana yakipanda anavuta pumzi, na mimi nasubiri naye.

Kuna jingine. Kwaya ikiimba bila chombo aghalabu huteremka kidogo kidogo, lakini shangazi aliyemwagiwa vigelegele na kutunzwa noti hupanda. Akishapanda nusu sauti, yaani hadi kitufe cha jirani, huwezi kumrudisha, na si kazi yako kumrudisha. Naondoa mkono wa kulia, nabaki na mdundo, akimaliza ubeti naingia upya pale alipo. Hapa Mtwara wapo wapigaji wenye vidole vyepesi kuliko vyangu. Wanapiga vizuri sana, tatizo wanapiga wimbo wao, shangazi anaachwa peke yake katikati ya ukumbi, na kamati ikikaa kupanga harusi nyingine, jina lao halitajwi.

Malipo nayo nimeyapangia. Nusu nachukua siku ya makubaliano, nusu kabla keki haijakatwa. Keki ikishakatwa, mweka hazina wa kamati huwa hapatikani, na simu yake imezimwa.